"Sorry" ni pole au ni samahani? Jibu kwa msomaji anayetunza wazee Uingereza

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, huu ni mwaka wangu wa pili nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huku Uingereza. Shuleni nilifundishwa kwamba 'sorry' ni pole na pia ni samahani, nikalitumia hivyo maisha yangu yote. Hapa neno hilo limenigeuka. Mwenzangu akijigonga nikimwambia 'sorry', ananijibu kwamba si kosa langu. Wengine wananiambia naomba radhi kupita kiasi. Juzi mama mmoja mzee alianguka chumbani kwake nikiwa ninamhudumia mtu mwingine, nami nikaandika kwenye ripoti: 'I am sorry for her fall.' Msimamizi akaniita akaniuliza kama mimi ndiye niliyemwangusha. Kamusi ya kwenye simu inanipa 'apologise', 'regret', 'excuse me', 'pardon' na 'forgive me', na yote inayatafsiri kuwa samahani. Nitumie lipi, wapi? Na je, kwa ile ripoti nimejitia hatiani?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yaliyokukuta. Nimeanza na hiyo pole kwa makusudi, kwa kuwa ndani yake mna nusu ya jibu unalolitafuta: umeisoma bila kufikiri hata kidogo kwamba mimi ndimi niliyekukosea. Lau ningekuandikia samahani, ungesimama na kujiuliza nimekufanyia nini. Tofauti hiyo, ambayo wewe na mimi tunaijua tangu utotoni bila kufundishwa, ndiyo inayopotea tunapoingia katika Kiingereza na kukuta neno moja limekalia viti viwili.

Kabla ya kwenda mbali, niondoe dhana inayokuumiza bila sababu. Hukukosea Kiingereza. Namna unavyolitumia neno hilo ndivyo linavyotumika katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, ambako mtu akijikwaa barabarani Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, hata mpita njia asiyemjua atamwambia "sorry". Na ndivyo ilivyo pia Nigeria na Ghana. Wanaisimu wanaochunguza Kiingereza cha Afrika wamelieleza jambo hili kwa miaka mingi. Sababu yake ni kwamba lugha zetu zina neno la kumliwaza aliyepatwa na jambo, bila kuuliza nani kalisababisha, na tulipokipokea Kiingereza hatukukubali kuliacha neno hilo nyuma. Tulilitafutia mahali pa kukaa, likakaa ndani ya "sorry". Kinachokutokea sasa ni kwamba umelihamishia neno letu kwa watu ambao nyumbani kwao limepangwa kwa namna nyingine.

Sasa tuangalie upangaji wenyewe. Pole humtazama aliyeumia, na samahani humtazama aliyekosa. Pole ni ileile tunayoisikia katika mtu mpole na mwendo wa polepole: ni kumtakia mtu utulivu baada ya kutikiswa. Samahani asili yake ni Kiarabu, na ile "-ni" ya mwisho si ya wingi kama ya "poleni" na "karibuni", bali ni "mimi" ya Kiarabu, kwa hiyo neno zima tangu mwanzo lilimaanisha "nisamehe". Anayetamka samahani amekwisha kujitaja ndani yake. Ndiyo maana Mswahili hayachanganyi maneno haya: ukimkanyaga mtu kwenye daladala ukamwambia pole peke yake, atakuona huna adabu, kana kwamba mguu uliomkanyaga haukuwa wako, na ukiingia msibani ukawaambia wafiwa samahani, watu watakugeukia wakitaka kujua kuna nini kati yako na marehemu.

Neno "sorry" lilianzia upande wetu wa pole. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "sarig", kutokana na "sar", yaani maumivu, na ndugu yake wa leo ni "sore", neno wanalolitumia kwa kidonda na kwa koo linalouma. Wengi hudhani limetokana na "sorrow", yaani huzuni, lakini mizizi yake ni tofauti. Maneno hayo mawili yameishi jirani kwa karne nyingi hadi maana zake zikaegemeana. Aliyekuwa "sorry" alikuwa mtu mwenye uchungu moyoni, na uchungu huo ungeweza kuwa wa lolote. Kutoka "nina uchungu" hadi "nina uchungu kwa nililokutendea" ni hatua fupi, na kwa Waingereza wa leo hatua hiyo imekwisha kupigwa, ingawa si kila mahali.

Hapo kwenye "si kila mahali" ndipo ningependa utulie, kwa sababu kamusi haikuonyeshi. Jambo likiwa zito na likiwa limekwisha kutokea mbali nawe, kama kifo, ugonjwa au mtu kupoteza kazi, neno hili bado husikika kama pole, na hakuna Mwingereza atakayekujibu kwamba si kosa lako. Mwambie mfiwa "I'm so sorry for your loss" naye atakushukuru. Jambo likiwa dogo na la papo hapo, kama kugonga kiwiko mlangoni au kumwaga chai, neno hilohilo husikika kama samahani, kwa kuwa katika mambo madogo ya papo hapo Mwingereza hulitumia kujitoa katika lawama, kisha humsikia mwenzake kwa sikio hilohilo. Wenzako wanapokujibu "It's not your fault" hawakukatai. Wanakupokea kwa adabu ya kwao: wamesikia mtu anajibebesha mzigo usio wake, nao wanautua.

Basi mwenzako akijigonga, umwambie nini? Wao husema "Ouch, are you all right?" au "Oh dear", na kati ya watu waliozoeana "Oh, poor you". La kwanza lina kuuliza hali ndani yake, jambo ambalo kwetu hufuata baada ya pole na kwao hushika nafasi yake. Vivyo hivyo, usijaribu kutafsiri "pole na kazi" wala "pole na safari". Maneno "sorry for work" hayaeleweki, na anayeyasikia anaweza hata kudhani umemwongezea kazi. Anayemaliza zamu ya usiku mwambie "You've had a long night", na anayefika kutoka mbali muulize "How was the journey?" Najua hayana joto lilelile. Pole na kazi ni katika maneno ya Kiswahili ninayoyapenda kuliko mengi, kwa jinsi linavyoutambua uchovu wa mtu bila kumtaka aulalamikie, na sijapata kuona neno la Kiingereza linalolitosheleza.

Kuna sarufi ndogo inayobeba mzigo mkubwa, nayo ni ile inayofuata baada ya neno lenyewe. Ukisema "I'm sorry to hear that", umetoa pole safi, kwa sababu kusikia si kosa la mtu. Ukisema "I'm sorry that she fell", umesikitika kwamba jambo limetokea, na aliyelisababisha hukumtaja. Ukisema "I'm sorry about the noise", umegusa pande zote mbili, na msikilizaji ataamua kwa hali ilivyo kama kelele ni zako au za jirani. Lakini ukitia "for" na kuifuatishia kitendo, kama "I'm sorry for shouting", umekiri: aliyepiga kelele ni wewe. Na ukitia "for" na kuifuatishia mtu, kama "I feel sorry for him", umeonyesha huruma ya anayetazama kutoka juu, kwa hiyo usimwambie hivyo mzee unayemhudumia hata ukiwa na nia njema kiasi gani. Sentensi yako ya ripoti, "I am sorry for her fall", imeangukia hapo kwenye "for" na tendo. Msimamizi hakuwa anakutafutia makosa. Masikio yake yalisikia tendo lenye mwombaji radhi na yakauliza mtendaji ni nani. Katika "sorry for your loss" hatari hiyo haipo kwa sababu huo ni msemo uliokwisha kuganda, hakuna anayeufungua kuangalia ndani.

Katika maneno mengine uliyoyataja, "excuse me" na "pardon" hayahitaji maelezo marefu. "Excuse me" ni ile samahani ya kuomba njia au kumkatiza mtu anayezungumza, yaani samahani ya kabla ya tendo. Wamarekani huitumia pia baada ya kumgusa mtu kwa bahati mbaya, mahali ambapo Mwingereza angesema "sorry". "Pardon?" kwa sauti ya kupanda ni ombi la kurudiwa usemi, kama vile kwetu mtu anavyoitika "naam?" au "abee?", na "sorry?" kwa sauti hiyohiyo hufanya kazi ileile. Utawasikia wachache wakiona "pardon" kuwa ni neno la watu wanaojilazimisha ustaarabu. Huo ni ubaguzi wa kitabaka wa Kiingereza ambao mwanaisimu Alan Ross aliuandikia tangu mwaka 1954, nawe huna haja ya kuubeba. Katika sheria, neno hilo ni msamaha anaoutoa mkuu wa nchi kwa mfungwa.

"Forgive me" inahitaji tahadhari zaidi kwa Mswahili, kwa kuwa sisi "nisamehe" tunaisema mchana kutwa. Kwa Kiingereza cha kawaida ni neno zito, la kanisani au la baina ya mume na mke baada ya jambo kubwa, na ukilisema kwa kuchelewa dakika tano utamfanya mtu akutazame kwa wasiwasi.

Yamebaki "apologise" na "regret", na hapa ndipo uchaguzi wa neno unapoweza kugharimu nchi nzima. "Apologise" si hali ya moyo kama "sorry". Ni tendo: mtu anasimama na kukubali kwamba lilikuwa lake. Jambo la kushangaza ni kwamba mzizi wake wa Kigiriki ulikuwa na maana ya kujitetea, kama alivyojitetea Socrates mbele ya mahakama ya Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, na maana ya kukiri ikaja baadaye. Lina matumizi moja ya kiofisi ambayo wewe unayajua kwa Kiswahili: katika kumbukumbu za mkutano, "apologies" ni orodha ya waliotuma udhuru. "Regret", kwa upande mwingine, ni masikitiko yanayoweza kusemwa na mtu aliyekaa mbali kabisa na tendo. Barua ya kukunyima kazi huanza na "We regret to inform you", kwa sababu kampuni inasikitika lakini haiombi radhi.

Tofauti hiyo imepimwa hadharani katika historia yetu. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliliambia bunge lao kwamba serikali inasikitika kwa dhati kwamba mateso yaliyofanywa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau yalitokea. Neno lililochaguliwa lilikuwa "regrets". Yalikubaliwa malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228, na katika hotuba hiyohiyo waziri alisema serikali bado haikubali kuwajibika kisheria. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alizungumza Nairobi juu ya "greatest sorrow" na "deepest regret", huzuni kubwa na masikitiko makubwa. Akasema pia kwamba ukatili ule hauna udhuru, lakini ombi la radhi halikutamkwa, na Wakenya wengi waliliona pengo hilo papo hapo. Siku iliyofuata, mjini Songea, Tanzania, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani, akizungumza kwa lugha yake mbele ya kizazi cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa vita vya Majimaji, aliomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda mababu zao. Katika muda wa siku mbili tu, ardhi ya jirani na jirani ikasikia masikitiko upande mmoja na ombi la msamaha upande wa pili. Anayetumia kamusi inayotafsiri yote kuwa samahani hawezi kuona kwamba kulikuwa na tofauti.

Australia nako walibishania neno lako hilohilo. Mwaka 1999 bunge lao, kwa hoja ya waziri mkuu John Howard, lilipitisha kauli ya "regret" kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, na wengi wao hawakuridhika, kwa kuwa walitaka kusikia "sorry". Walilisikia tarehe 13 Februari 2008, kutoka kwa Kevin Rudd, waziri mkuu aliyemfuata Howard. Hapo utaona kwamba neno hilo fupi, ambalo mtu hulitupa akipishana na mwenzake mlangoni, likisemwa kwa ukamilifu na mwenye mamlaka huwa na uzito kuliko "regret" yenye mapambo.

Kuna mtego mwingine ambao hukuuliza lakini nauona unakusubiri. Kwetu, hasa pwani, mwezi wa Ramadhani ukikaribia au mtu akielekea hija, huenda kwa ndugu na majirani akawaambia: "Kama kuna mahali nimekukosea, unisamehe." Hiyo "kama" ni unyenyekevu, kwa maana anakubali kwamba huenda ameumiza watu hata asikojua. Ukiitafsiri neno kwa neno, "I'm sorry if I offended you", Waingereza wengi wataisikia kama hila ya mtu anayekwepa, anayesema kwamba labda hakuna kosa, labda ni wewe mwepesi wa kukasirika. Kwa hiyo unapokosa kweli, ondoa "if" na utaje jambo lenyewe: "I'm sorry I was late with your tea." Hiyo inatosha, na haihitaji kurudiwa mara tatu. Nadhani wanaokuambia unaomba radhi kupita kiasi wanahesabu marudio na zile pole zako za papo hapo. Ukizipunguza hizo mbili, samahani zako za kweli zitasikika vizuri zaidi.

Sasa ripoti. Katika England na Wales, sheria ya fidia ya mwaka 2006, kifungu cha 2, inasema kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kukiri uzembe. Kwa hiyo neno "sorry" lenyewe halikukutia hatiani. Tena, katika England, tangu Aprili 2015 nyumba za wazee zilizosajiliwa zina wajibu wa kisheria wa kuwa wawazi kwa mhusika au mwakilishi wake linapotokea tukio lenye madhara ya kiwango kilichowekwa na kanuni, na wajibu huo ni pamoja na kuomba radhi. Kanuni yenyewe inaieleza hiyo radhi kuwa ni kuonyesha huzuni au masikitiko, yaani imelirudisha neno karibu sana na pole yetu. Wajibu huo, hata hivyo, ni wa taasisi, si wa mhudumu mmoja kujiandikia peke yake.

Lakini usichanganye neno na maelezo yanayolifuata. "I'm sorry I left her alone" ina samahani, na pia ina madai kwamba ulimwacha peke yake. Hayo madai yanaweza kutumika kama ushahidi hata samahani ikiwekwa kando. Katika ripoti ya tukio andika uliyoyaona na kuyafanya: saa ngapi, ulikuwa wapi, ulimkuta katika hali gani, ulimwita nani, alisema nini. Moyo wako upeleke kwa mama mwenyewe, ukae karibu naye umwambie "I'm so sorry you had that fall", na kwa familia yake mseme kwa makubaliano na msimamizi.

Ukitakiwa kuibadilisha ripoti uliyokwisha kuitia saini, usiifute wala usiandike juu yake; omba kuongeza maelezo yenye tarehe mpya, na ujue ya kwanza imehifadhiwa wapi. Ukipokea barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, ukiambiwa uandike taarifa kwa ajili ya bima au polisi, au ukiletewa karatasi usiyoielewa vizuri utie saini, basi maandishi yangu hayatoshi: mwone ana kwa ana mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria wa mambo ya kazi, na umwombe mkalimani hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwa sababu siku hiyo "for" moja ina thamani. Kwa upande wa lugha ya kila siku, mchague mwenzako mmoja unayemwamini umwombe akunong'oneze kila anaposikia "sorry" yako ikienda upande usioukusudia.

Na siku pole itakapokuponyoka tena, kwa maana itakuponyoka, na mwenzako akakujibu kwamba si kosa lako, usirudi nyuma kwa aibu. Mwambie: "I know. I meant I feel for you." Kisha mfundishe neno lenyewe kwa Kiswahili, herufi nne tu, na umweleze kwamba la kujibu ni "asante" au "nimeshapoa".